Kura na Sheha: Chama cha Kiliberali katika Ngazi ya Chini ya Utawala Kisiwani Pemba, kwa Kuzingatia Shehia ya Pujini, 1992–2020

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya chama cha kiliberali kushinda nafasi za kuchaguliwa katika kisiwa cha Pemba, kwa kuitazama historia hiyo kutoka ngazi ya shehia. Chama kinachohusika ni Chama cha Wananchi (CUF), ambacho kilikuwa mwanachama wa Liberal International na ambacho mwaka 1995 kilishinda majimbo yote 21 ya Pemba. Hoja kuu ni kwamba ushindi huo, pamoja na ukubwa wake, haukuifikia nafasi ya utawala iliyo karibu zaidi na mwananchi, yaani nafasi ya sheha, kwa kuwa nafasi hiyo haikuwahi kupigiwa kura. Insha inaonesha pia kwamba mapatano ya kisiasa ya 1999, 2001 na 2010 yaligawa madaraka ya juu na kuiacha shehia kama ilivyokuwa. Pujini inatumika kama mahali pa kuitazamia historia hii kwa sababu ya kumbukumbu yake ndefu kuhusu mtawala na raia.

1. UTANGULIZI

Historia ya siasa za vyama vingi Zanzibar imeandikwa zaidi kwa kuangalia Ikulu. Watafiti wameshughulika na matokeo ya urais, na tofauti ndogo ya kura baina ya wagombea wawili, na migogoro iliyofuata kila uchaguzi, na mazungumzo ya viongozi wa vyama vikuu. Mtazamo huo una sababu zake. Hata hivyo, umeliacha pembeni swali moja la msingi: mwananchi wa kijijini Pemba, ambaye kwa muda wa miaka ishirini alikipigia kura chama kilichohubiri uhuru wa mtu mmoja mmoja, alipata nini katika mahali anapoishi?

Insha hii inajibu swali hilo kwa kuishughulikia Pujini, shehia iliyomo katika Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba, upande wa mashariki wa kisiwa. Pujini haikuchaguliwa kwa sababu matukio yake ya uchaguzi yalikuwa ya pekee. Ilichaguliwa kwa sababu mambo matatu yanakutana hapo: kumbukumbu ya kale ya mtawala aliyewatumikisha watu, uchumi wa kisiwa uliofungwa na zao la karafuu, na mpangilio wa kisasa wa utawala ambamo diwani huchaguliwa na sheha huteuliwa. Mambo hayo, yakisomwa pamoja, yanatoa picha ambayo hesabu za kura peke yake haziwezi kuitoa.

2. ULIBERALI NA NAFASI YA KARIBU NA MWANANCHI

Ni lazima kwanza istilahi ziwekwe sawa. Uliberali, kwa maana inayotumika hapa, ni mkondo wa fikra unaoweka haki za mtu binafsi, utawala wa sheria na mipaka ya madaraka ya dola kuwa msingi wa siasa. Liberal International, jumuiya ya vyama vinavyofuata mkondo huo, iliasisiwa mwaka 1947. Ulibertari ni tawi lililokwenda mbali zaidi katika kuipunguza dola, na chama chake kinachojulikana sana ni Libertarian Party cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1971. Chama hicho hakijawahi kushinda urais wa nchi hiyo. Mwaka 1978 mwanachama wake, Dick Randolph, alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Alaska, na tangu hapo wanachama wake wengi waliopata kuchaguliwa wamekuwa katika mabaraza ya miji, bodi za maji na nafasi nyingine ndogo za mitaa.

Afrika Mashariki haina chama cha kilibertari kilichoshika nafasi za kuchaguliwa. Kilichokuwepo ni chama cha kiliberali chenye wafuasi wengi, nacho ni CUF. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1992 kwa kuunganishwa kwa kundi la Zanzibar lililoitwa KAMAHURU na Chama cha Wananchi cha Tanzania Bara kilichoongozwa na James Mapalala. Kaulimbiu yake ilikuwa "Haki Sawa kwa Wote". Baadaye, chini ya Profesa Ibrahim Lipumba, chama kilijenga itikadi kilichoiita Utajirisho, iliyounganisha haki za binadamu na uchumi unaomwezesha kila mtu kujitajirisha kwa jasho lake.

Mfano wa Marekani unasaidia kwa jambo moja. Walibertari wa kule walizikubali nafasi ndogo kwa sababu walizikuta zikipigiwa kura. Mjumbe wa bodi ya maji ana madaraka madogo, lakini ni madaraka ya kweli, na aliyemchagua anaweza kumwondoa. Pemba hali ilikuwa kinyume cha hiyo. Waliberali walishinda nafasi za juu kwa wingi usio na kifani, lakini nafasi iliyo mlangoni mwa mwananchi haikuwa imewekwa katika karatasi ya kura.

3. PUJINI NA KUMBUKUMBU YA MTAWALA

Pujini inajulikana kwa magofu ya ngome ambayo mapokeo yanaihusisha na Muhammad bin Abdul-Rahman, maarufu kwa jina la Mkama Ndume. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Adria LaViolette umeihusisha ngome hiyo na karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Ni boma kubwa lililozungukwa na ukuta wa udongo na mawe, lenye kisima na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, jambo lisilo la kawaida katika miji ya Waswahili ya wakati huo, ambayo mingi haikujengewa ngome za namna hiyo.

Mapokeo ya Pemba yanaeleza kwamba jina Mkama Ndume maana yake ni yule awakamaye wanaume, yaani anayewakamua watu nguvu zao kama mtu akamuavyo ng'ombe maziwa. Yanasimulia kuwa wafanyakazi wake walilazimishwa kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Mwanahistoria hapaswi kuyachukua masimulizi haya kama ushahidi wa moja kwa moja wa mambo yaliyotendeka katika karne ya 15. Masimulizi ya namna hii hubeba hukumu za vizazi vilivyoyapokeza, na kila kizazi huyatia uzoefu wake.

Thamani yake kwa insha hii iko kwingine. Katika mapokeo haya mtawala hakumbukwi kwa nasaba yake, wala kwa vita alivyopigana, wala kwa biashara yake na nchi za ng'ambo, ingawa mabaki ya mahali hapo yanaonesha mtu mwenye mali na uhusiano mpana. Anakumbukwa kwa kile alichowafanyia watu wa karibu yake: kazi ya kulazimishwa. Kigezo kinachotumika kumpima mtawala ni cha kijijini. Kipimo hicho kitarejea katika kila kipindi kinachojadiliwa hapa chini. Watu waliotendewa viboko hadharani na kazi za kulazimishwa katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964 hawakuwa na haja ya kufundishwa na kitabu chochote maana ya madaraka yasiyo na mipaka.

4. KARAFUU NA UHURU WA KUUZA

Uliberali wa Pemba hauwezi kuelezwa bila karafuu. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na kwa muda wa karibu karne moja mkulima wa zao hilo hajawa na hiari kamili ya kuchagua wa kumuuzia. Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu iliundwa na serikali ya kikoloni mwaka 1927. Sheria zilizotungwa katika miaka ya 1930, hasa ile ya 1937, ziliipa jumuiya hiyo ukiritimba wa ununuzi, na zikasababisha mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi uliodumu hadi mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa na kugawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), ambalo lilikuwa mnunuzi pekee halali.

Tokeo la mpangilio huo linafahamika kwa kila mkaazi wa Pemba. Mtu alipewa eka zake lakini hakupewa soko lake. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu ilipopanda duniani, mkulima alipata sehemu ndogo tu ya thamani ya zao lake, na iliyobaki iliingia katika hazina ya serikali. Baadhi ya wakulima walikimbilia magendo ya kwenda Mombasa, na vikosi vya Zanzibar, kikiwemo Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), vilitumika kuwazuia.

Kwa hivyo CUF ilipozungumzia uchumi wa Utajirisho, maneno hayo hayakuwa mageni katika masikio ya Wapemba. Yalilipa jina jambo walilokuwa wakiliishi. Hapa ndipo hoja ya wale wanaosema kwamba kura ya Pemba ni kura ya kabila au ya kumbukumbu ya vyama vya zamani inapohitaji kupimwa upya. Ni kweli kwamba Pemba ilikuwa ngome ya Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), chama kilichoundwa mwaka 1959 chini ya Mohammed Shamte, na kwamba chama hicho pamoja na Zanzibar Nationalist Party ndivyo vilivyounda serikali baada ya uchaguzi wa Julai 1963. Mwendelezo huo upo. Lakini mwendelezo wa kura hauthibitishi kuwa sababu za kupiga kura zilibaki zilezile. Kati ya 1963 na 1995 palipita miaka 32, mingi kati ya hiyo ikiwa ya chama kimoja, ya viboko, na ya bei za karafuu zilizopangwa mbali na shamba. Mpiga kura kijana wa 1995 alikuwa amekulia katika miaka hiyo, na ZPPP kwake ilikuwa habari ya wazee.

5. USHINDI WA 1995 HADI 2010

Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Pemba, alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1984 hadi alipoondolewa Januari 1988. Alifukuzwa Chama cha Mapinduzi (CCM) mwaka huohuo, akawekwa kizuizini mwaka 1989, akaachiwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waasisi wa CUF. Katika uchaguzi wa 22 Oktoba 1995 alitangazwa kupata asilimia 49.8 ya kura za urais wa Zanzibar dhidi ya asilimia 50.2 za Dk. Salmin Amour. Katika Baraza la Wawakilishi CUF ilipata viti 24 kati ya 50 vya majimbo, na majimbo yote 21 ya Pemba yalikuwa miongoni mwake.

Jambo hilo lilijirudia. Baada ya majimbo ya Pemba kupunguzwa kutoka 21 hadi 18, CUF iliyashinda yote 18 mwaka 2005, na yote 18 tena mwaka 2010. Kwa maneno mengine, katika chaguzi hizo tatu mwananchi wa Pujini, kama mwenzake wa Micheweni au Mkoani, alikuwa na mwakilishi aliyetoka katika chama cha kiliberali. Ni vigumu kupata mahali pengine barani Afrika ambapo chama cha mkondo huo kiliaminiwa kwa kiasi hicho na wakulima na wavuvi, watu ambao nadharia nyingi haziwahesabu kuwa wapiga kura wa uliberali.

Ukubwa wa ushindi haukulingana na utumishi uliofuata. Wawakilishi wa CUF walisusia vikao vya Baraza baada ya 1995 hadi muafaka wa kwanza uliotiwa saini mwaka 1999. Baada ya uchaguzi wa 2000, ambao CUF iliupinga, maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yalizimwa kwa risasi. Watu waliuawa, na zaidi ya wakimbizi 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni nchini Kenya. Wawakilishi waliosusia walipoteza viti vyao, na chaguzi ndogo zikafanyika Pemba tarehe 18 Mei 2003. Kwa hiyo, katika miaka minane ya mwanzo ya vyama vingi, jimbo la Pemba lilikuwa na mwakilishi aliyechaguliwa lakini kwa muda mrefu halikuwa na sauti Barazani.

6. DIWANI NA SHEHA

Chini ya mwakilishi yupo diwani. Sheria za 1995 zilizounda upya mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya Zanzibar ziliweka madiwani wa kuchaguliwa kutoka katika wadi, pamoja na wengine wa kuteuliwa. Mfumo huo uliendelezwa na Sheria Namba 7 ya 2014 ya Mamlaka za Serikali za Mitaa. Watendaji wakuu wa mabaraza hayo huteuliwa na serikali kuu, na mapato yao makubwa ni ada za masoko, leseni za biashara na ruzuku. Diwani wa wadi ya vijijini, kwa hiyo, aliingia katika kikao ambacho katibu wake hakumwajiri na bajeti yake hakuipanga peke yake.

Kando ya diwani yupo sheha. Kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 1 ya 1998, sheha aliteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, nao wote wawili ni wateule wa Rais. Sheha ndiye anayewatambua wakaazi wa shehia, ndiye anayesuluhisha ugomvi mdogo, na ndiye anayetoa barua ya utambulisho ambayo bila hiyo mtu hukwama katika mambo mengi ya kiofisi. Tanzania Bara mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa huchaguliwa na wakaazi. Zanzibar nafasi inayolingana na hiyo haipigiwi kura.

Historia ya maneno haya mawili ina funzo lake. Diwani lilikuwa cheo cha watawala wenyeji wa Mrima na wa Pemba kabla ya utawala wa Masultani wa Oman kuimarika. Sheha naye alikuwa mzee wa mahali, aliyetambuliwa na watu wake kwa nasaba, kwa elimu ya mila na kwa uwezo wa kusuluhisha. Serikali ya kikoloni ilimfanya sheha kuwa ngazi ya mwisho ya utumishi chini ya mudiri, na serikali za baadaye zikaufuata mkondo huohuo. Matokeo yake vyeo viwili vimebadilishana nafasi: diwani, aliyekuwa mtawala, amekuwa mchaguliwa mwenye madaraka haba, na sheha, aliyekuwa mtu wa watu, amekuwa mteule mwenye muhuri.

Uzito wa muhuri huo ulionekana zaidi katika uandikishaji wa wapiga kura. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ilimtaka mpiga kura awe ameishi katika jimbo kwa muda wa miezi 36, na sheha ndiye aliyekuwa shahidi wa ukaazi. Baada ya kutungwa kwa sheria ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi mwaka 2005, kitambulisho cha Mzanzibari kikawa sharti la kuandikishwa, na njia ya kukipata ilipita kwa sheha. Mwaka 2009 uandikishaji kisiwani Pemba ulisimamishwa kwa muda kutokana na mvutano juu ya wananchi waliolalamika kunyimwa vitambulisho. Hapa mzunguko unakamilika. Mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote ndiye aliyeshika ufunguo wa kumwingiza mwananchi katika daftari la kuwachagua wengine.

Isidhaniwe kwamba kila sheha alikuwa chombo cha ukandamizaji. Wengi wao walikuwa jamaa na majirani wa watu waliowasimamia, na kazi yao iliwaweka baina ya moto na maji. Hoja ni ya mfumo. Sheha mwema alikuwa mwema kwa hisani yake, kwa sababu sheria haikuwapa wakaazi njia yoyote ya kumwondoa sheha mbaya.

7. KUSUSIANA: UHURU DHIDI YA JIRANI

Uchambuzi wa haki hauna budi kuuangalia pia upande wa waliodai uhuru. Katika miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995, vijiji vingi vya Pemba vilitumia silaha ya kususiana. Sheha na wanachama wa CCM waliachwa peke yao katika harusi na mazishi, wakakwepwa dukani, wakanyimwa salamu. Katika jamii ya Kiswahili ambamo mtu huzikwa na majirani zake, adhabu hiyo ni nzito kuliko faini.

Waliotumia kususia waliweza kujitetea kwamba hawakuwa na njia nyingine. Kura yao haikumfikia sheha, kikao cha diwani hakikumgusa, na mahakama ilikuwa mbali. Utetezi huo una nguvu, na unathibitisha hoja ya insha hii kwamba nafasi isiyopigiwa kura huzalisha njia zake za kuadhibiwa. Hata hivyo, uliberali unadai kumlinda mtu mmoja dhidi ya dola na dhidi ya wengi pia. Mwanachama wa CCM wa kijijini, aliyekuwa mmoja kati ya mia, alikuwa na haki ya chama chake kama wale tisini na tisa. Chama kilichobeba kaulimbiu ya haki sawa kwa wote kilihitaji kuwakumbusha wafuasi wake kwamba neno "wote" linamhusu pia jirani aliyepiga kura tofauti. Katika jambo hilo, siasa za Pemba zilikuwa za mshikamano wa kijiji kuliko uhuru wa mtu, na mtafiti anayeiita kura ya Pemba ya kiliberali lazima aubebe ukweli huo pamoja na jina hilo.

8. MAPATANO YA JUU, SHEHIA ILEILE

Muafaka wa 1999, muafaka wa 10 Oktoba 2001 na maridhiano ya 2009 na 2010 yalileta mabadiliko makubwa. Tume ya Uchaguzi ilipata wajumbe kutoka upinzani na daftari la kudumu la wapiga kura likaanzishwa. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Marekebisho ya kumi ya Katiba yaliweka nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Baada ya uchaguzi wa 31 Oktoba 2010, Seif Sharif Hamad aliishika nafasi hiyo, na mawaziri wa CUF wakaingia serikalini.

Kwa mara ya kwanza, waliberali wa Zanzibar walikuwa na madaraka ya utendaji. Wizara ya biashara ilikuwa chini ya Nassor Ahmed Mazrui wa CUF, na katika kipindi hicho serikali iliweka sera ya kumlipa mkulima wa karafuu asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Nafuu hiyo ilikuwa kubwa na iliingia moja kwa moja mifukoni mwa wakulima wa Pemba. Lakini ukiritimba wa ZSTC haukuondolewa. Mkulima alipata bei bora kutoka kwa mnunuzi yuleyule mmoja, na magendo yaliendelea kuwa kosa. Waziri wa chama cha kiliberali aliusimamia ukiritimba wa dola vizuri zaidi kuliko waliomtangulia.

Shehia nayo ilibaki kama ilivyokuwa. Katika miaka mitano ya Umoja wa Kitaifa, ambapo chama kilichokuwa kimelalamikia masheha kwa muda mrefu kilikuwa ndani ya serikali, nafasi ya sheha haikufanywa kuwa ya kuchaguliwa. Sheria mpya za 2014 zilizopanga upya tawala za mikoa na serikali za mitaa ziliuendeleza uteuzi. Inawezekana kuieleza hali hiyo kwa hesabu za nguvu: CCM ilikuwa na viti 28 vya majimbo dhidi ya 22 vya CUF, na isingekubali kuuachia mkono wake vijijini. Maelezo hayo yana uzito. Lakini mantiki ya mapatano yenyewe ilichangia. Mapatano yaliyojengwa na viongozi wa juu yaligawa vitu ambavyo viongozi wa juu huvijali: makamu wa rais, mawaziri, wajumbe wa tume. Sheha wa Pujini hakuwa na kiti katika meza hiyo, wala aliyesubiri barua yake.

9. KUVUNJIKA, 2015 HADI 2020

Gharama ya kuiacha shehia ilionekana baada ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar, ikiwemo kura za wawakilishi na madiwani. CUF ilisusia uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, na CCM ikachukua viti vyote vya majimbo. Siku moja ya kususia ilitosha kuiondoa Pemba yote mikononi mwa chama kilichoishinda kwa miaka ishirini.

Kisha likafuata jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018, serikali ilianza kugatua huduma za afya ya msingi, elimu ya maandalizi na msingi, na kilimo kwenda kwa serikali za mitaa. Kwa mara ya kwanza kikao cha madiwani kilikuwa na jambo kubwa la kuamua, na ndicho kipindi ambacho waliochaguliwa na Pemba kwa miongo miwili hawakuwa ndani yake. Walikuwa na kiti wakati kilipokuwa hakina kazi. Kazi ilipokuja, kiti kilikuwa cha wengine.

Mgogoro wa uongozi ndani ya CUF uliishia kwa hukumu ya mahakama ya Machi 2019 iliyoutambua uenyekiti wa Lipumba, na Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo pamoja na wafuasi wake. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 chama hicho kilipata viti vinne tu vya majimbo Barazani. Kiliingia tena katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa Desemba mwaka huo, na Seif Sharif Hamad akafariki dunia tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wafuasi walihama chama kizima kizima ndani ya siku chache, jambo linaloonesha kwamba utii wao ulikuwa kwa mtu na kwa mshikamano wao kuliko kwa taasisi. Chama ambacho hakikuwa na mizizi katika utawala wa kijiji hakikuwa na kitu cha kuwashikilia pale jina lake lilipochukuliwa.

10. HITIMISHO

Insha hii imeonesha kwamba Pemba ilitoa moja ya ushindi mkubwa zaidi wa chama cha kiliberali katika Afrika, na kwamba ushindi huo uliishia ngazi moja juu ya mahali ambapo mwananchi hukutana na dola. Sababu ni tatu. Sheria iliiweka nafasi ya sheha nje ya kura. Mapatano ya kisiasa yaligawa madaraka ya juu bila kuigusa ngazi hiyo. Na chama chenyewe, kilipopata nafasi serikalini, kilirekebisha bei ya karafuu lakini hakikuubadilisha mfumo wa ukiritimba wala wa uteuzi.

Kwa watafiti, matokeo haya yana maana ya kimbinu. Kuhesabu viti vya majimbo hakutoshi kupima kama wafuasi wa mkondo fulani wametawala mahali. Ni lazima kwanza kuuliza ni nafasi zipi zilizopigiwa kura, ni zipi hazikupigiwa, na ni ipi kati ya hizo anayoihitaji mtu apatapo mtoto, auzapo shamba au anapotaka kuandikishwa. Katika Pujini, ambako mtawala wa kale anakumbukwa kwa namna alivyowatendea waliomwishia karibu, swali hilo si geni. Kipimo ambacho mapokeo yanamwekea Mkama Ndume kinafaa kutumiwa kwa kila utawala uliokuja baada yake, ukiwemo ule ulioingia kwa kura: aliye karibu na watu anawafanyia nini, na watu hao wana njia gani ya kumwondoa.